Charlie Buchan: Mkongwe Aliyefuatwa Dukani

Mhariri aliniomba niandike maisha ya mtu maarufu aliyekwishatangulia mbele ya haki, na kusema kweli nilikuwa na majina mawili matatu ya wanasiasa wetu. Lakini kwa jinsi mabishano yalivyopamba moto kwenye timu yetu ya soka, nimeona wanasiasa wasubiri kidogo. Namleta mwanasoka: Charles Murray Buchan, ambaye Waingereza walimwita Charlie.

Kwa wasiofuatilia, hali iko hivi. Kiangazi kilichopita wachezaji tisa wa kikosi cha kwanza walihitimu wakaondoka kwa mkupuo. Tumebaki na madogo wa mwaka wa kwanza, wana mbio kama swala, ila mpira ukipotea kila mtu anamlaumu mwenzake. Sasa kuna waliopendekeza tumchukue kaka mmoja, mhitimu wa zamani, mwenye miaka 38, aliyewahi kucheza ligi kuu nyumbani. Kanuni za mashindano zinaruhusu. Kambi moja inasema mzee huyu atatupa akili. Kambi nyingine inasema nafasi ni ya vijana, na kwamba timu inayojengwa upya haijengwi kwa tofali la zamani. Watu wamefikia hatua ya kutosalimiana maktaba! Basi kabla hatujapiga kura, hebu tutazame ilivyokuwa hapa hapa London mwaka 1925, klabu moja ambayo wengi wenu mnaishabikia hadi mnakosa usingizi ilipokuwa na swali lile lile.

Buchan alizaliwa Plumstead, kusini mashariki mwa London, tarehe 22 Septemba 1891. Wazazi wake walitoka Aberdeen, Scotland. Baba yake alikuwa mhunzi, na alifuata kazi kwenye kiwanda kikubwa cha silaha cha Woolwich, yaani ile Arsenal yenyewe ambayo klabu ilichukua jina lake. Kwa lugha yetu ni mtoto wa wahamiaji waliokuja mjini kutafuta riziki. Mimi napanga chumba karibu na maeneo hayo, na ukipanda basi namba 53 asubuhi unasikia Kiyoruba na Kitwi zaidi ya Kiingereza, na Kiswahili hakikosekani. Naona Plumstead haijabadilika sana: bado watu wanaifikia kwa sababu ya kazi, na kodi yake ni nafuu kuliko katikati ya jiji.

Dogo alisoma Woolwich Polytechnic akiwa na nia ya kuwa mwalimu. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Greenwich, kwa hiyo wenzetu wa Greenwich mna haki ya kutamba kidogo. Mpira aliucheza kama sisi, baada ya vipindi. Mwaka 1909 akaanza kuchezea timu ya akiba ya Woolwich Arsenal, bado kama ridhaa. Alifanya vizuri. Halafu akapeleka madai ya nauli na gharama zake ndogo ndogo: shilingi 11. Meneja wa wakati huo, George Morrell, akaona ni nyingi, akakataa kulipa. Buchan akaondoka.

Naomba msimame hapo kwenye shilingi 11. Paundi moja ilikuwa na shilingi 20, kwa hiyo ni kitu kama nusu paundi na senti kidogo. Kwa nusu paundi hiyo klabu ilimpoteza mtoto wa mtaani kwake. Weka kumbukumbu hiyo, maana bili ilikuja kulipwa baadaye, na ilikuja na riba.

Akapitia Northfleet, akaenda Leyton, na mwezi Machi 1911 Sunderland wakamchukua kwa paundi 1,250. Huko kaskazini ndiko alikokuwa Buchan kamili. Alikuwa mrefu, futi sita na ushei, straika wa ndani mwenye kichwa kizuri na miguu laini, lakini sifa yake kubwa ilikuwa akili. Aliona pasi ambazo wenzake hawakuziona. Mwaka 1913 Sunderland walitwaa ubingwa wa ligi, na mwaka huo huo wakafika fainali ya Kombe la FA pale Crystal Palace, mbele ya watu zaidi ya 120,000, wakafungwa 1-0 na Aston Villa. Timu ya taifa ya England ilimwita mara sita tu kuanzia 1913 hadi 1924, naye akafunga mabao manne. Sababu waliyoipenda watu wa zamani kuisimulia ni kwamba alikuwa na akili kuliko waliomzunguka, kwa hiyo mchezo wake ukawachanganya wenzake badala ya wapinzani. Mimi nasema wateuzi wa timu za taifa ni wale wale dunia nzima, iwe London, Dar, Nairobi au Kampala.

Vita ya Kwanza ya Dunia ikamkuta akiwa na miaka 22. Ligi ilisimama kuanzia 1915 hadi 1919. Buchan aliingia kikosi cha Grenadier Guards, akapigana Ufaransa na Ubelgiji, kwenye Somme na Passchendaele, mahali ambapo watu walikufa kwa maelfu kwenye matope. Alipewa nishani ya kijeshi ya Military Medal na kupandishwa kuwa ofisa. Alirudi mzima, lakini miaka minne ambayo mchezaji huwa kwenye ubora wake ilikuwa imekwenda. Hili ni muhimu kwa mjadala wetu. Mtu akikwambia fulani ana miaka 33, muulize miaka hiyo aliitumiaje. Kwenye soka letu tunajua umri wa kwenye cheti na umri wa kwenye magoti, na mara nyingi hivyo viwili havijuani kabisa. Buchan hakuwa na haja ya kuchonga cheti. Aliporudi uwanjani alifunga kama aliyekuwa na deni na vita: msimu wa 1922-23 aliongoza Daraja la Kwanza kwa mabao 30. Hadi anaondoka Sunderland alikuwa na mabao 209 ya ligi, rekodi ya klabu hiyo ambayo haijavunjwa hadi leo. Pembeni alifundisha shule kwa muda, kisha akafungua duka la vifaa vya michezo.

Sasa turudi London. Arsenal walikuwa wamehama kutoka Woolwich kwenda Highbury mwaka 1913, lakini msiwaze Arsenal mnayoijua. Hii ilikuwa timu isiyo na kombe lolote kubwa. Msimu wa 1924-25 ilimaliza nafasi ya 20 kati ya timu 22, na wawili wa chini ndio walioshuka daraja. Ilinusurika kwa nafasi moja! Mwenye nguvu klabuni, Sir Henry Norris, alimfukuza meneja Leslie Knighton na kumleta Herbert Chapman kutoka Huddersfield Town, aliyekuwa ametwaa ubingwa mara mbili mfululizo, 1924 na 1925.

Chapman alikuja kujenga upya. Na mtu wa kwanza mkubwa aliyemtaka alikuwa mkongwe anayekaribia miaka 34, mwenye duka. Mnaona? Yeye ndiye anayetajwa hadi leo kama baba wa mameneja wa kisasa, na tofali lake la kwanza lilikuwa kuukuu.

Wenyewe wanasimulia kwamba Chapman aliingia dukani kwa Buchan kule Sunderland, na Buchan akadhani mteja kaja kununua mipira. Chapman akamweleza kwamba alichokuja kununua ni yeye. Buchan alishangaa hata akaenda kuuliza klabu yake kama ni kweli, akakuta ni kweli. Sunderland walikuwa tayari kumwachia.

Tatizo likawa bei. Meneja wa Sunderland, Bob Kyle, alitaka paundi 4,000. Ili mpate picha, mshahara wa juu kabisa wa mchezaji wakati wa msimu ulikuwa paundi 8 kwa wiki, na Norris alikuwa na mkono wa birika kwenye masuala ya usajili. Hoja ya Norris ilikuwa ile ile inayosikika kwenye mazoezi yetu: huyu ni mzee, nitalipaje pesa yote hiyo kwa miguu inayokwisha? Kyle akajibu kwamba mzee huyo bado angewapa mabao 20 kwa msimu. Norris akaona mwanya. Kama una uhakika hivyo, basi tulipe paundi 2,000 taslimu, na paundi 100 kwa kila bao atakalofunga msimu wa kwanza. Sunderland wakakubali.

Buchan akafunga mabao 21, ya ligi 19 na ya kombe mawili. Piga hesabu: Arsenal walilipa paundi 4,100. Norris alibana akaishia kutoa paundi 100 zaidi ya bei aliyoikataa. Ukilinganisha na zile shilingi 11 za mwaka 1909, klabu ilimnunua mtoto wa Plumstead kwa zaidi ya mara 7,000 ya pesa iliyomwondoa. Hata hivyo mimi namtetea Norris kwenye hili, kwa kuwa masharti yale yalikuwa ya busara. Kama mzee angechoka, hasara ingekuwa nusu. Alipofunga, hakuna aliyelalamika.

Mambo hayakuanza vizuri. Mechi ya kwanza, tarehe 29 Agosti 1925, Arsenal walifungwa 1-0 nyumbani na Tottenham, jambo ambalo shabiki yeyote wa Arsenal anaelewa uzito wake hata bila maelezo. Siku hiyo hiyo ndipo sheria mpya ya kuotea ilipoanza kutumika. Zamani mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli, sasa wakatosha wawili. Mabeki wote wa Uingereza wakachanganyikiwa. Daraja la Kwanza lilikuwa na mabao 1,192 msimu uliotangulia, na msimu huo yakafika 1,703. Ilikuwa sherehe kwa mastraika na msiba kwa makipa.

Tarehe 3 Oktoba 1925 Arsenal wakaenda Newcastle wakala saba bila. Buchan, aliyekuwa nahodha, alikasirika hadi akataka kubaki kaskazini asirudi London. Lakini mkongwe wa kweli humjui kwenye ushindi. Jioni ile timu ilikaa kikao hotelini, na Buchan akasimama na wazo alilokuwa akilisema tangu mwanzo wa msimu bila kusikilizwa: kwamba kwa sheria mpya, kiungo wa kati aache kuzurura mbele, arudi akae katikati ya mabeki wawili kumzuia straika wa adui. Newcastle wenyewe walikuwa wamecheza hivyo mchana ule. Na ili kiungo cha kati kisibaki wazi, mmoja wa washambuliaji wa ndani arudi nyuma kuunganisha timu.

Buchan alijipendekeza mwenyewe kwa kazi hiyo ya kurudi nyuma. Hapa ndipo ninapompenda Chapman. Alilikubali wazo, akakataa sehemu hiyo: wewe nimekununua kwa mabao, utabaki mbele. Buchan alipoulizwa nani basi, akamtaja Andy Neil, mchezaji wa timu ya tatu, asiye na mbio lakini anayejua kutuliza mpira na kuutoa. Jack Butler akarudishwa kuwa beki wa kati. Siku mbili baadaye, Jumatatu, Arsenal wakaenda kwa West Ham wakashinda 4-0. Msimu ukaisha wakiwa wa pili nyuma ya Huddersfield, kutoka nafasi ya 20. Mfumo ule ukapigwa msasa miaka iliyofuata hadi ukaitwa W-M, na dunia nzima ikauiga.

Kwa hiyo wadau, mnapobishana kuhusu mbio za yule kaka yetu, mnabishana pembeni ya hoja. Buchan hakuwapa Arsenal mbio. Aliwapa mabao 21 na kikao cha hotelini, na kikao ndicho kilichodumu.

Lakini nisiwe kama wakala wa usajili anayeficha goti bovu. Upande wa pili wa hadithi nao upo. Msimu wa 1926-27 Arsenal walishuka hadi nafasi ya 11, na uliofuata wakawa wa 10. Buchan hakuwahi kubeba kombe akiwa na Arsenal. Aprili 23, 1927 aliwaongoza Wembley kwenye fainali ya FA dhidi ya Cardiff City, fainali ya kwanza kutangazwa redioni. Shuti la Hughie Ferguson halikuwa kali, kipa Dan Lewis akaudaka mpira, ukamponyoka, ukaingia. Cardiff 1, Arsenal 0, na kombe likaenda Wales, mara ya pekee hadi leo kutoka nje ya England. Mkongwe akashindwa fainali ya pili maishani mwake, zote kwa bao moja.

Na kuna suala la pesa za chini ya meza. Kuhamia London kulimaanisha kuliacha duka, na kanuni hazikuruhusu klabu kumfidia mchezaji hasara kama hiyo. Mwaka 1927 FA walimchunguza Norris kwa matumizi ya fedha za klabu, na miongoni mwa tuhuma zilikuwa malipo ya siri kwa ajili ya Buchan. Norris alifungiwa kujihusisha na soka. Sitaki kulikuza, ila ni vizuri kukumbuka kwamba mzee ana gharama ambazo kijana hana: ana duka, ana mke, ana watoto. Yule kaka yetu anafanya kazi usiku, anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Tukimwita Jumamosi asubuhi bila hata nauli, tutakuwa tumefanya kosa la George Morrell.

Mnaweza pia kunitajia Bobby Moore, nahodha wa England iliyotwaa Kombe la Dunia 1966. Fulham, hapa hapa London, walimchukua kutoka West Ham mwezi Machi 1974 kwa paundi 25,000 akikaribia miaka 33. Mwaka uliofuata timu ile ya daraja la pili ikafika Wembley, ikafungwa 2-0, na nani? West Ham. Au Roger Milla wetu, miaka 38, ambaye Rais Paul Biya alimrudisha kikosini mwaka 1990. Mabao manne akitokea benchi, Cameroon robo fainali, England wakatutoa 3-2 kwa jasho na penalti mbili. Angalieni neno hilo: benchi. Milla hakuchukua dakika 90 za kijana yeyote, alichukua zile za mwisho, wapinzani wakiwa wamechoka.

Kwa mizani yangu, kura yangu ni ndiyo, kwa masharti. Mkataba wa msimu mmoja. Nauli yake tuichange sisi. Acheze katikati ambako hakimbizwi, na pembeni yake awekwe dogo mmoja wa mwaka wa kwanza, kila mechi, hata tukifungwa. Na kocha awe na ujasiri wa Chapman wa kulichukua wazo la mzee na kukataa matakwa yake. Kama hatuna kocha wa namna hiyo, basi tusimsajili, maana atakuwa yeye ndiye kocha, nahodha na mlalamikaji mkuu.

Mwisho wa Buchan uwanjani ulikuwa wa aina yake. Tarehe 5 Mei 1928, akiwa na miaka 36, alicheza mechi yake ya mwisho ugenini kwa Everton, sare ya 3-3. Hakuna aliyemwangalia, kwa sababu siku hiyo Dixie Dean wa Everton alihitaji mabao matatu kufikisha 60 ya ligi kwa msimu mmoja, na akayapata, mbele ya macho ya mkongwe anayevua viatu. Mechi 120 kwa Arsenal, mabao 56. Mwezi Oktoba mwaka huo Chapman akamnunua David Jack kutoka Bolton kujaza nafasi yake, kwa zaidi ya paundi 10,000. Mwaka 1930 Arsenal wakatwaa Kombe la FA, lao la kwanza, na 1931 ubingwa wa ligi.

Buchan aliyaona hayo yote akiwa kwenye viti vya waandishi wa habari. Alikuwa amegeukia kalamu, gazeti la Daily News lililokuja kuwa News Chronicle, na sauti yake ikazoeleka kwenye redio ya BBC. Mwaka 1947 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha waandishi wa soka cha Uingereza, na Septemba 1951 akaanzisha jarida lake, Charles Buchan's Football Monthly, ambalo vijana wa Kiingereza walikata picha zake za rangi na kuzibandika ukutani. Alifariki tarehe 25 Juni 1960 akiwa likizoni Monte Carlo, na miaka 68. Jarida liliendelea kutoka kwa miaka mingi baada ya hapo, hadi mwaka 1974.